Machweo ya Iguguno

Singida mjini,
Jumapili, tarehe 1 Machi.

Dada yangu Loyce,

Shikamoo. Naiandika salamu hii nikiwa nimeinamisha kichwa, kama ninavyofanya nikikukuta umekaa kwenye kigoda pale mlangoni, ingawa huku hakuna anayeniona. Hujambo, na mwanao Jesca hajambo? Mguu wako uliokuwa unakusumbua tangu mwezi wa kwanza umepona, au bado unaukanda kwa maji ya chumvi na kuwaambia watu si kitu? Mvua huko Misigiri zinaendeleaje? Huku mjini zilinyesha wiki mbili zikakata, na mwenye nyumba wangu, ambaye hana hata tuta moja la mchicha, ameanza kulalamika kwamba mwaka huu tutalala njaa. Mimi ni mzima wa mwili. Nikiongeza kwamba ni mzima wa roho pia nitakuwa nimeanza barua kwa uongo, na nimejiapiza kwamba humu hautakuwemo.

Najua umeshangaa kupokea barua. Siku hizi barua zinatoka mahakamani na benki tu. Utajiuliza kwa nini huyu mtoto asipige simu. Nimepiga, dada, mara tatu wiki hii. Ukanieleza habari za kuku na za kwaya, nami nikaitikia ndiyo, ndiyo, mwisho nikasingizia salio na kukata. Kwenye simu nakusikia unavyopumua, na nikikusikia ulimi unakuwa mzito. Kwenye karatasi naweza kwenda mpaka mwisho. Tena jambo lenyewe nataka libaki kwa mwandiko wangu, kwa sababu ukishalisoma wewe, kuna mtu mwingine ambaye lazima alisikie, naye ni baba mdogo Bonifasi. Nitafika hapo. Nivumilie kidogo maana nimechoka, na nitakwenda taratibu.

Nianze na habari za chuo. Tuko muhula wa mwisho, na mwalimu wetu wa picha, mwalimu Christopher, ametupa kazi ambayo kwa kuisikia ni nyepesi. Kila mmoja achague picha zake kumi alizopiga nje, yaani si studio wala ukumbini, na chini ya kila picha aandike mambo matatu: alisimama wapi, ilikuwa saa ngapi, na kwa nini alipiga. Wenzangu walimaliza kwa siku mbili, wakaenda zao kuangalia mpira. Mimi niko wiki ya pili. Nakaa mbele ya kompyuta ya chuo, nafungua picha moja baada ya nyingine, naandika nusu mstari, nafuta. Mwalimu Christopher ni mtu wa Tanga, mpole, na ananihurumia. Anadhani nafanya hivi kwa kuipenda kazi.

Katika zile kumi ameshachagua moja iwekwe mbele kabisa kwenye maonyesho, kwenye ukuta unaoukuta ukiingia tu. Ni ile picha ya shamba la alizeti la Iguguno niliyokusimulia. Imesafishwa kubwa, karibu urefu wa mlango. Mashina yote yamesimama, vichwa vimejaa, mwanga wa manjano umelala juu yake, na nyuma kwa mbali lami inaonekana kama uzi. Chini yake niliandika mwenyewe: Machweo, Iguguno. Watu wa mjini wanasimama hapo na kusema huyu kijana ameliwahi jua likiaga. Nawe ukaniambia nikuletee moja ya kiasi, uitundike sebuleni kwenye ule msumari uliopigiliwa kwa ajili ya picha ya baba na ambao mpaka leo hauna kitu. Nimekuletea. Iko kwenye bahasha hii, imefungwa kwa gazeti. Nakuomba usiifungue kwanza, soma.

Dada, nimeziangalia picha zangu wiki hizi mbili mpaka nimezichoka. Nina mawe ya huku mjini, yale yaliyobebana, asubuhi na mchana. Nina ziwa lililokauka likabaki weupe wa chumvi. Nina heroe, wale ndege warefu wa rangi ya waridi, zaidi ya mia nne, na heroe ukishamwona mmoja umewaona wote. Nina reli ya Itigi imenyooka na vichaka vyake. Miaka mitatu nimepiga picha nje, na huko nje kwangu hakuna watu. Mwalimu aliwahi kusema picha zangu zina utulivu, nikavimba kichwa mwezi mzima. Sasa nikizitazama naona ni utulivu wa nyumba ambayo wenyewe wamehamishwa.

Maana watu walikuwepo. Nilikuwa nawaondoa. Chukua ile ya mashimo ya zamani ya dhahabu kule Sekenke, ambayo ni ya nne katika kumi zangu. Mwaka nilioipiga baba alisema hawezi kuniacha niende peke yangu, eti yale mashimo anayajua, ujana wake ameumalizia humo akitafuta dhahabu aliyoishia kuipata ya kununulia baiskeli. Tukaenda wote. Kila niliposimamisha kamera, yeye alikuwa mbele yangu ananionyesha hapa tulichimba, hapa rafiki yake aliteleza, hapa walipikia. Nami nikawa namwambia, baba sogea, unaniziba. Akasogea. Nikamwambia tena, akasogea tena, anacheka. Mwishoni jua likawa linanipiga kwa nyuma, linawaka kwenye kioo cha kamera, sioni ninachopiga. Sikumwomba msaada. Alitazama jinsi ninavyohangaika, akaja kusimama ubavuni mwangu, akavua kofia yake ya pama, akanyoosha mkono na kuikinga juu ya kioo hicho. Akasimama hivyo muda mrefu, mpaka ikabidi abadilishe mkono. Mwalimu aliisifu picha ile kwa usafi wa mwanga. Akaniuliza nilifanyaje, nikamjibu ni kusubiri jua likae vizuri.

Na unakumbuka Krismasi ya mwisho. Baba alivaa koti lake la harusi saa saba mchana, na joto lile, akatoa kiti nje, akakaa, akaniita nije nimpige picha moja ya maana. Nilimwambia mwanga wa saa saba ni mbaya, unaweka vivuli machoni, tusubiri jioni. Alikubali, yeye ambaye hakuwa mtu wa kubishana na mtaalamu. Jioni nilikwenda bwawani kupiga ndege. Niliporudi ilikuwa giza, na wewe ndiye uliyemwambia avue koti lisije likachafuka. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama hao ndege nimewapata.

Sasa nije kwenye Aprili ya mwaka jana. Yote haya unayajua, lakini nataka yaandikwe kwa mpangilio, ili atakayesomewa asipotee.

Ulinipigia Jumanne, baba amefariki hospitalini Kiomboi kwa presha. Nilikuwa Itigi kwenye mafunzo ya vitendo. Uliniambia mambo mawili. La kwanza, mazishi ni Alhamisi saa saba, na mimi ndiye mtoto wa kiume wa pekee, udongo wa kwanza ni wangu, nisichelewe. La pili, nije na picha ya baba, kubwa, kwenye fremu, ya Jesca kutangulia nayo mbele ya jeneza. Picha ya harusi ilishaliwa na mchwa pamoja na sanduku lake. Kitambulisho chake cha kura ulikipeleka studio wakikuze, kikatoka uso usio na macho. Ukasema kwa sauti ya mtu aliyepumua baada ya kutua mzigo, kwamba kwa picha huna wasiwasi, maana sisi tuna mpiga picha wetu.

Mlinisubiri. Saa saba ikapita, saa nane, saa tisa. Simu yangu haipatikani. Mwili ulikuwa nje tangu asubuhi, na jua la Aprili mnalijua. Padre alikuwa na maziko mengine Shelui. Baba mdogo Bonifasi alisema mwili ulale, mzike kesho, mtoto hawezi kukosa kumzika baba yake. Wewe, kama mkubwa wa nyumba, uliangalia jeneza, ukaangalia wazee waliokaa juani, na saa kumi ukasema tuzike. Jesca hakuwa na picha ya kubeba. Ukaingia ndani ukamtolea kofia ya pama ya baba, na mtoto akatangulia nayo, ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya sadaka.

Mimi nilitokea jua limezama. Nikaeleza, huku bado nimeshika begi, kwamba Jumatano sikupata usafiri, Alhamisi alfajiri nikaondoka Itigi, gari likatuharibikia mbele ya Manyoni, simu ikazima chaji, nikafika Iguguno jua linazama, nikapata lifti ya lori. Hakuna aliyenitilia shaka. Nilikuwa na vumbi la kutosha. Baba mdogo alisimama mbele ya watu wote, akakunyooshea fimbo, akasema: "Mtoto alikuwa barabarani anahangaika kuja kumzika baba yake, wewe ukamfungia kaburi."

Tangu siku ile hajakanyaga mlango wako. Hakuja kwenye arobaini. Anawaambia watu ulikuwa na haraka ya kurithi, ndiyo maana ulirudi nyumbani na mwanao baada ya ndoa yako kuvunjika. Na msimu huu, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, hakuleta maksai wake kulima shamba la kaka yake. Umelima kwa jembe la mkono, wewe na Jesca, ekari tatu za alizeti, na mguu ule unaosema si kitu uliumia kwenye tuta. Sikuambiwa na wewe. Nimeambiwa na Jesca.

Lakini kilichoninyima usingizi si jembe. Ni ile jioni yenyewe. Watu walipotawanyika ulinifuata uani, ukanishika mikono yote miwili, wewe uliyenilea tangu mama atutoke, ukalia na kuniomba nikusamehe kwa kutonisubiri. Mimi nikakujibu kwa sauti ya upole, kama padre, kwamba nimekusamehe. Ukasema Mungu anibariki.

Wiki iliyopita, Jumanne, nilikuwa peke yangu ukumbini napanga majina chini ya picha. Kuna mama anayefagia hapo chuoni, anaitwa mama Raheli, mtu wa Mkalama, ana shamba Iguguno. Ni mama asiyesema mengi. Alipofika mbele ya ile picha yangu kubwa akasimama, akaegemea fagio, akaitazama muda mrefu. Nikajiandaa kusifiwa. Akasoma yale maandishi chini, akageuka, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Misigiri. Akaniuliza kama nyumbani tunalima alizeti. Nikamwambia ndiyo, tangu babu. Hapo akatikisa kichwa.

"Basi umeandika nini hapa, mwanangu?" akasema. "Hii imeshachanua, imekomaa. Ikikomaa haigeuki tena, inabaki inatazama mashariki mpaka ivunwe. Na jua limeipiga usoni. Hii ni asubuhi."

Hakuwa ananituhumu. Alidhani nimekosea kuandika, kama watoto wa siku hizi waliosahau mashamba. Akaendelea kufagia. Mimi nilikaa chini pale pale kwenye sakafu aliyokuwa ameshaifagia. Mwalimu na wageni wote wa mjini waliona rangi ya manjano wakasema jioni, na mimi nikaridhika. Sikuwa nimewaza kwamba picha hiyo hiyo ukiitundika ukutani kwako, Misigiri, ambako hata Jesca anajua alizeti inavyokaa, ungeitazama mara moja tu na kuelewa. Nimekulia katikati ya mashina hayo. Niliandika machweo kwa sababu nimeusema uongo ule mara nyingi mpaka nikawa nakumbuka jua likizama.

Sasa nasema, dada. Kaa chini kama umesimama.

Nilipata usafiri Jumatano. Jumatano ile ile jioni nilikuwa hapa Singida, chumbani kwangu, nikiwa na usiku mzima na asubuhi nzima mbele yangu ya kufika kwenye mazishi. Nilipita kwanza chumbani ili nichukue picha ya baba niisafishe. Niliwasha kompyuta nikaanza kutafuta. Nilipitia picha zote, dada, elfu sita na zaidi. Nilipata mgongo wake mara mbili. Nilipata mkono wake ukielekeza kitu. Nilipata nusu ya koti pembeni mwa picha ya mti. Uso wake sikuupata hata mara moja. Mtoto anayesomea kupiga picha, baba yake ameuza alizeti kumnunulia kamera, na uso wa baba huyo haumo kwenye kamera.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nilipanda gari la kwanza la kwenda huko. Nina begi, nina kamera, sina fremu. Njiani nikawa nawaza nitakaposhuka, wewe utakavyonyoosha mikono kupokea ile picha, na wazee watakavyosimama waione. Gari liliposimama Iguguno kupakia abiria nikamwambia kondakta nashuka. Nilijidanganya kwamba napumzika kidogo, nitapanda linalofuata. Nikavuka barabara nikaingia shambani. Saa ya kamera inasema picha ile ilipigwa saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Nikapiga nyingine, na nyingine. Nilipiga alizeti mia mbili na kitu asubuhi ile. Nikiwa nimeweka jicho kwenye kamera, baba alikuwa bado hajafa na hakuna aliyekuwa ananidai picha.

Simu haikuzima chaji. Niliizima kwa kidole changu, ulipopiga mara ya pili.

Mchana nilikaa kwa mama mmoja wa chakula kando ya barabara. Magari ya kwenda Misigiri yalipita, nayaona, makondakta wananiita, nawapungia mkono waende. Nilisema la saa sita nitapanda. Nilisema la saa nane. Yule mama alidhani nasubiri mtu. Ilipofika saa kumi nilijua mtakuwa mnafukia, na hata hapo sikuinuka. Nilisubiri mpaka nikawa na hakika kabisa mmeshamaliza, ndipo nikasimamisha lori. Vumbi nililokuja nalo lilikuwa la lori hilo, la nusu saa tu.

Kwa hiyo hukunifungia kaburi. Ulinisubiri saa tatu zaidi ya nilivyostahili. Wewe hukukosea kitu chochote siku ile, kuanzia kutoa amri mpaka kutoa kofia. Na lile neno nililokwambia uani, kwamba nimekusamehe, nalirudisha. Nilikusamehe kosa langu mwenyewe, nikakuacha ulibebe miezi kumi, ukalime nalo.

Sina haki ya kukuomba mengi. Naomba jambo moja. Mwite baba mdogo Bonifasi, na kama hataki kuja, mpelekee barua hii kwake, asomewe yote, na wazee waliokuwepo siku ile kama wapo wasikie. Usiruke mahali kwa kunihurumia. Wewe una tabia hiyo. Akisikia nusu atasema mtoto alichanganyikiwa na msiba, halafu lawama itarudi kwako. Nataka asikie kwamba simu niliizima kwa kidole.

Ijumaa nilikwenda kwa mwalimu Christopher nikamweleza naye. Nilitegemea ataitoa picha ukutani. Alivua miwani, akaifuta, akasema kazi ilikuwa ni kuandika ulisimama wapi, saa ngapi, na kwa nini, basi niandike. Nikang'oa kile kikaratasi cha machweo nikabandika kingine. Sasa pale ukutani pameandikwa: Iguguno, shambani kando ya barabara. Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi. Nilisimama hapa ili nisifike nyumbani. Watu bado wanasimama mbele yake, ila hawasemi sana. Mama Raheli alipita jana akasoma, akaniangalia, akaniambia kuna chai kwenye chupa yake kama nataka.

Sasa fungua gazeti. Utakuta picha mbili. Hiyo ya alizeti nimeiandika nyuma saa yake ya kweli. Itundike, ichome, mpe Jesca afunikie daftari, ni yako.

Ya pili ni ndogo. Ni ile ya Sekenke, ila si kama walivyoiona chuoni. Ya chuoni nilikuwa nimeikata chini ili ibaki miamba na shimo tu. Wiki hii nikiwa natafuta cha kuandika chini yake, nilifungua ile ya mwanzo, ambayo haijakatwa. Tazama chini, upande wa kushoto, kwenye mchanga. Kuna vivuli viwili. Kifupi kilichoinama ni changu, na kamera. Kile kirefu kilichonyoosha mkono na kofia juu yangu ni baba. Uso haupo, dada, uso siwezi tena kukuletea. Lakini kofia utaitambua. Ukiona ni aibu kutundika kivuli kwenye msumari uliopigiliwa kwa ajili ya mtu, usitundike, sitauliza.

Nisalimie Jesca, mwambie mjomba wake atamletea ile kalamu ya rangi aliyomwahidi, bila kusubiri apasi mtihani. Wasalimie wanakwaya na mama jirani wa upande wa kisima. Baba mdogo Bonifasi mpe shikamoo yangu kabla barua haijasomwa, kwa sababu baada ya hapo sijui kama ataipokea. Wewe sikuombi unijibu. Mguu wako upumzishe. Palizi ya shamba la chini iache, nitaimaliza mimi.

Jumamosi nakuja. Nitapanda gari la kwanza, lile la saa kumi na mbili. Litasimama Iguguno kupakia watu, kama kawaida yake, na alizeti za mwaka huu zitakuwa zimeanza kuchanua pande zote mbili za barabara. Kamera nimeiacha kwa mwalimu. Nitabaki kwenye kiti mpaka Misigiri.

Ni mimi mdogo wako,
Shukuru Gaspari